Popi alirudi na kidumu



Wiki hii zamu ya kuandika ni yangu. Nilipanga kuandika juu ya shule, lakini nimebadilisha. Nitaandika juu ya mbwa wetu. Najua kuna watakaocheka, na kuna wale wanaoogopa mbwa kabisa. Someni tu mpaka mwisho, maana ndani yake kuna pesa, kuna uongo niliomwambia mama mdogo wangu, na kuna neno kwa ndugu zetu wa mashirika.

Mbwa anaitwa Popi. Ni mbwa wa kawaida wa hapa, rangi ya udongo, masikio moja limesimama na moja limelala. Mama mdogo alimpata akiwa mtoto, siku ya soko pale Mpondwe, amefungwa kamba kwenye gurudumu la baiskeli na mwenyewe haonekani. Tulimpeleka akachanjwa chanjo ya kichaa cha mbwa, akawa wa nyumbani.

Sisi ni watu wa upande wa Oicha, Beni. Mnaojua, mnajua, mauaji ya kule yalianza Oktoba 2014 na hayajatuacha. Tulivuka Kasindi 2021. Wenzetu wengi walipandishwa magari kwenda makambini, wengine Kyaka II, wengine Rwamwanja. Sisi tulibaki Bwera, kwa sababu mama mdogo ana biashara ya samaki wakavu na Wakonzo wa hapa tunasikilizana nao lugha. Sheria ya Uganda inamruhusu mkimbizi kukaa nje ya kambi, ila hapo unajitegemea. Chakula cha mgao husahau.

Mwezi wa tano mwaka 2025 Popi alianza kula kuku wa jirani. Wa kwanza tulilipa. Wa pili tulilipa. Wa tatu jirani hakutaka pesa tena. Alisema atatega sumu, na kwamba watu wa kuja wajue kufuga au waache kufuga. Hilo neno "watu wa kuja" lilimuuma mama mdogo kuliko hao kuku watatu. Tangu shambulio la Juni 2023 kwenye shule ya sekondari ya Lhubiriha, pale Mpondwe, kila nyumba hapa ina jeraha, na sisi tuliotoka ng'ambo tunajua ni lazima tuishi na watu kwa adabu zaidi. Ugomvi wa kuku unaweza kukua.

Mama mdogo akaniambia, "Mbwa ni wako sasa. Umfundishe ndani ya mwezi mmoja, au umtoe."

Mimi sijui kufundisha mbwa. Lakini nina yaya yangu, mtoto wa mjomba, ambaye alisafiri kutoka Rwamwanja akaenda Marekani, jimbo la Iowa. Kule anafanya kazi kwa mzee mmoja anayefundisha mbwa wa kuwinda. Alianza kwa kusafisha mabanda, sasa anashika mbwa mwenyewe. Nikamtumia sauti kwenye WhatsApp, nikamweleza habari ya kuku. Akacheka sana. Halafu akasema, "Mdogo wangu, hiyo ni kazi ya bata wa bandia."

Sikuelewa. Akanituma video na maelezo, siku tatu mfululizo.

Kule kwao watu wanawinda bata mwitu. Mwindaji anajificha kwenye majani kando ya maji. Mbele yake, juu ya maji, ameelesha bata wa plastiki, kumi, ishirini, kila mmoja amefungwa kamba na kizito ili maji yasimchukue. Bata wa kweli wakipita angani wanaona kama wenzao wametulia pale chini, wanafikiri ni mahali salama, wanashuka. Mwindaji anapiga. Bata anaanguka majini, na hapo ndo kazi ya mbwa inaanza: aogelee, amchukue mdomoni polepole bila kumtafuna, amlete mpaka mkononi.

Sasa shida ni hii. Kati ya mbwa na bata aliyeanguka kuna wale ishirini wa plastiki. Wako karibu. Wanaonekana vizuri. Wanacheza juu ya maji. Mbwa mchanga anamrukia wa kwanza, anamng'ata, anajizungusha kwenye kamba, na bata wa kweli anachukuliwa na maji.

Kwa hiyo kuna majaribio ya kupima mbwa hao. Chama kikubwa cha mbwa cha Marekani, American Kennel Club, kilianza kuyaendesha mwaka 1985, na yana ngazi tatu, ya chini, ya kati na ya juu. Kitu kimoja kilinifurahisha: mbwa hashindani na mbwa mwenzake. Kuna kipimo, na kila anayekifikia anafaulu, hata wakifaulu wote siku moja.

Nikamuuliza yaya, "Kwa hiyo mnawafundisha waogope plastiki?"

Akasema, "Hapana. Mbwa mwoga hafai, anaweza kukataa hata kuingia majini. Tunamfundisha ajue alichotumwa."

Basi tukaanza. Nitaeleza hatua kwa hatua, labda kuna mwingine mwenye mbwa mwizi wa kuku.

Kwanza kabisa, kabla ya bandia yoyote, mbwa ajue maneno matatu: Kaa, Njoo, Leta. Hiyo peke yake ilinichukua wiki mbili, asubuhi na jioni, dakika kumi tu kila mara kwa sababu mbwa anachoka akili haraka. Cha kuleta nilikitengeneza mwenyewe: soksi nene iliyojazwa vitambaa, nikafungia juu yake mabawa ya bata ambaye jirani mwingine alimchinja. Lazima kinuke ndege, yaya alisisitiza. Popi alikipenda kile kisoksi kuliko chakula.

Halafu bandia. Nilikusanya vidumu vya mafuta ya kupikia, vya lita tatu na lita tano, nikapata tisa. Nikavifunga kamba na mawe. Watoto wa mtaani wakavichora macho na midomo kwa makaa. Vilikuwa vibaya mpaka vinachekesha, lakini kwa mbwa vilitosha.

Unaanzia nchi kavu. Hapo yaya alikuwa mkali: usianze kamwe majini. Unapanga vidumu kwenye nyasi, unamfunga mbwa kamba, unatembea naye katikati yake. Akiinama kunusa kidumu, unasema "Acha," unavuta kamba kidogo, mnaendelea. Asiponusa, unamsifu. Mnapita mara kumi, mara ishirini, mpaka vidumu vinakuwa kama mawe tu ya njiani.

Baadaye unatupa kisoksi upande ambao hauna vidumu kabisa, anakileta. Kesho yake unatupa upande uleule, lakini vidumu viko pembeni, anaviona. Kesho kutwa unatupa kiasi kwamba akirudi anapita karibu navyo. Mwisho unatupa nyuma ya vidumu, ili akienda apite katikati na akirudi apite katikati. Akikosea, unarudi hatua moja nyuma, unamrahisishia. Hupandi ngazi kwa hasira.

Popi nchi kavu alifaulu. Nikajisikia fundi. Watoto wakaanza kuja kila jioni kutazama, wa kwetu na wa Wakonzo wamekaa pamoja kwenye ukuta wa matofali, hata watoto wa yule jirani wa kuku. Mama mdogo akapita akauliza, "Na huyo mbwa ataleta nini nyumbani? Soksi?"

Tukaenda majini. Ziwani sikwenda, kule Katwe kuna viboko, na mbwa kwenye hifadhi ya Queen Elizabeth haruhusiwi, askari wa wanyama hawatakuuliza kama ni mchezo. Tulienda kwenye bwawa la samaki la mzee mmoja wa hapa karibu. Alikuwa amelikausha nusu ili alisafishe, maji yalifika magotini tu. Nikaweka vidumu sita. Nikatupa kisoksi mbali, nyuma yake.

Popi akaingia kwa nguvu. Akafika kwenye kidumu cha kwanza, akasimama. Majini kidumu kinatikisika, kina uhai, hakifanani na kile cha kwenye nyasi. Akakidaka. Akageuka, akaja kwangu mbio, mkia juu, anakokota kidumu na kamba na jiwe, macho yanang'aa kabisa kama mtu aliyeleta zawadi.

Watoto walicheka. Mimi niliona aibu. Nikamchapa na fimbo, mara mbili.

Nikatupa tena. Popi akaingia, akadaka kidumu tena, lakini safari hii hakurudi. Alikwenda ng'ambo ya bwawa akakaa kule na kidumu chake, ananitazama. Niliita mpaka sauti ikakauka. Alirudi nyumbani usiku, akalala nyuma ya choo.

Nilimtumia yaya sauti, nikamwambia mbwa huyu ni mjinga. Yaya alinyamaza muda mrefu, halafu akajibu taratibu. Nimeisikiliza ile sauti mara nyingi. Alisema hivi, kwa maneno yake: "Ulimpiga wakati gani? Wakati anakuletea. Wewe unafikiri umempigia kidumu. Yeye anajua umempiga kwa kurudi kwako. Sasa amejifunza: nikikosea, nisirudi. Mbwa akileta cha bandia, kipokee, kiweke chini bila maneno, umrudishe kwenye nyasi. Kosa lilikuwa lako, ulimpeleka majini mapema."

Nilizima simu nikakaa gizani pale nje. Kwa sababu hapo hatukuwa tunaongea habari za mbwa tena, ingawa yeye hakujua.

Sasa nieleze ile habari nyingine.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Mnakumbuka siku zile, kila kundi la simu lilikuwa msiba. Mwezi wa pili nikapata ujumbe wa orodha ya vijana wa kwenda Kanada. Ulikuwa na nembo nzuri, na Kiingereza safi, na namba ya mtu wa kumwona Kasese mjini. Nilimwona karibu na kituo cha teksi. Alikuwa na kitambulisho shingoni na mafaili. Aliongea kwa upole, aliniita "mdogo wangu." Shilingi 50,000 za fomu, nikatoa. Baada ya wiki, 200,000 za vipimo vya hospitali, nikatoa; hizo zilikuwa akiba yangu ya mwaka mzima ya kubeba mizigo sokoni. Halafu akasema jina limetoka, zinatakiwa 400,000 za haraka, kesho orodha inafungwa.

Wiki hiyohiyo mama mdogo alinipa 400,000 niende Katwe kununua samaki. Ulikuwa mtaji wake wote.

Mtaniuliza kama sikuona dalili. Niliona. Lakini bandia ilikuwa karibu na ilikuwa inatikisika, inaonekana hai. Kitu cha kweli sikuwahi kukiona hata siku moja, kwa hiyo ningefananisha na nini?

Nilitoa. Namba ikazimwa siku ya pili. Nilirudi Bwera nikamwambia mama mdogo kwamba wezi walinipora kwenye teksi. Alilia. Alikopa kwa wenzake wa soko ili aanze upya. Na mimi nilikaa na uongo huo miezi mitano, nakula chakula chake. Sikwenda polisi, sikwenda ofisi yoyote ya wakimbizi, sikuwaambia hata ninyi. Niliogopa fimbo. Niliogopa kusikia, "Hata wewe uliyesoma?"

Nilikuwa kama Popi, ng'ambo ya bwawa na kidumu changu.

Asubuhi baada ya ile sauti ya yaya, nilimwambia mama mdogo ukweli wote, shilingi kwa shilingi, akiwa anapanga samaki kwenye karai. Hakunitazama. Alimaliza kupanga. Akasema, "Uji uko jikoni, kunywa kwanza." Halafu kwa siku tisa hakuniongelesha zaidi ya salamu. Sitaki mfikirie ilikuwa kama sinema. Alikasirika na ana haki. Lakini hakunifukuza, na siku ya kumi aliniuliza yule mtu alivyoonekana, tukaenda pamoja kutoa taarifa. Pesa hazijarudi. Namlipa kidogo kidogo kila wiki ya soko, nimefikisha 130,000.

Ndipo nilimuuliza yaya swali ambalo ningemuuliza mwezi wa pili: "Wewe ulilipa ngapi kusafiri?"

Akasema, "Sikulipa kitu." Akanieleza jinsi ya kweli ilivyo. Hakuna fomu ya kununua. UNHCR wenyewe ndio wanaochagua kesi kufuatana na hatari na mahitaji ya mtu, kisha nchi inayopokea inaamua. Mahojiano, vipimo vya afya, yote ni bure. Yeye aliitwa mara nyingi, akingoja miaka, na kila mara aliitwa kwa jina lake na namba ya familia yake, ofisini, mchana. Tiketi walitia sahihi kama mkopo, wakaanza kuulipa baada ya kufika na kupata kazi. Na kwa dunia nzima, wanaosafirishwa hivyo kwa mwaka hawafiki hata mkimbizi mmoja kati ya 100.

Dakika kumi za sauti. Ningezisikia mapema, yule mtu wa Kasese angekuwa kama jiwe la njiani kwangu.

Kwa hiyo ndugu zetu wa mashirika, mnaosoma hapa, nina maneno mawili kwa heshima. La kwanza: yale mabango ya "Jihadharini na matapeli" tunayaona, asante. Lakini bango ni kusema "Acha" kwa mbwa ambaye hajawahi kunusa ndege. Tuonyesheni cha kweli kinafananaje: nani anaita, anaita wapi, karatasi ina nini, nini hakiulizwi kamwe. Fanyeni na sisi mazoezi, kwenye nyasi, kabla ujumbe haujaingia kwenye simu. Mtu mmoja ajifanye tapeli, sisi tujibu, tukosee pale, tucheke.

La pili: aliyekuja kwenu na kidumu mdomoni, msianze na "Kwa nini ulikubali?" Kipokeeni. Namba ya bure ya FRRM ipo, lakini mtu hapigi namba kama anajua upande wa pili kuna fimbo. Mkimgombeza mmoja, kumi watakaa ng'ambo na hamtajua kamwe ni wangapi.

Na sisi vijana pia, hatuna huruma. Mtu akiandika kwenye kundi kwamba ameliwa pesa, tunaweka vikaragosi vya kucheka. Mimi mwenyewe niliweka, mwaka 2024, kwa msichana mmoja wa hapahapa. Dada, kama unasoma, nisamehe.

Sasa Popi. Nilikaa wiki nzima bila kumtuma kitu. Nilimlisha mkononi, nikamwita Njoo, akija namsifu, basi. Halafu tukarudi kwenye nyasi, halafu kwenye maji ya kifundo cha mguu na kidumu kimoja tu, halafu viwili. Mara nne alileta kidumu. Mara nne nilikipokea, nikakiweka chini, nikanyamaza. Ilikuwa ngumu kwangu kuliko kwake.

Mwanzoni mwa mwezi wa nane, bwawa likiwa limejaa tena, niliweka vidumu vyote tisa. Watoto walikaa kimya. Nilitupa kisoksi mpaka mwisho. Popi akaingia, akaogelea, akafika kwenye cha kwanza, akageuza pua. Akapunguza mwendo kwenye cha nne, moyo wangu ukasimama. Akapita. Kurudi, kamba moja ilimnasa mguu, akajitoa mwenyewe, akafika akanipa kisoksi mkononi. Majaji wa Iowa sijui wangesemaje. Yule jirani wa kuku alikuwa amesimama nyuma ya ukuta, alifuata watoto wake. Alisema kwa Kikonzo, "Mbwa huyu sasa ana akili," akaenda zake.

Kuku wake bado wanapita mbele ya mlango wetu kila asubuhi. Popi anawatazama. Mimi nasema "Acha" kwa sauti ndogo, na siku nyingi sisemi kabisa.

Hayo ndo yangu. Wewe uliwahi kuletewa bandia gani, na ulimwambia nani? Kama hukumwambia mtu, andika hapa chini, au niandikie pembeni. Sitacheka.